Nimechomwa ganzi sindano nne, mdomo umekufa lakini jino liko macho. Hii imekaaje?

Mpuliza Salfa

Wakuu salaam. Naandika shavu likiwa limevimba, mkiona nimeruka herufi mnisamehe.

Niko Tandahimba. Nina gego la chini kushoto limetoboka tangu mwaka juzi. Mwanzo lilikuwa tundu dogo jeusi, inaingia punje moja ya mchele. Nachokonoa na njiti, maisha yanaendelea. Mwaka jana likaanza kushtuka nikinywa maji ya mtungini, nikahamia kutafunia kulia. Mwaka huu, msimu wa salfa, ndo likaamua. Mchana kutwa nimebeba mashine mgongoni napulizia mikorosho, usiku jino linapiga ngoma mpaka sikioni. Nikilala linazidi, nikikaa linapungua kidogo, kwa hiyo nikawa nalala nimekaa kama mlinzi. Karafuu nimeweka. Maji ya chumvi nimesukutua. Jirani akaniletea ugoro, nikausokomeza kwenye tundu, nikatapika mpaka nyongo. Diklofenaki nimekula kama karanga.

Mjomba ndiye aliyenifuata nyumbani alfajiri akasema, "Vaa shati, twende." Kwetu mjomba akisema hivyo huulizi tunakwenda wapi.

Hospitali siitaji. Foleni ndefu, daktari mmoja, kiti kimoja. Kanichoma ya kwanza, ndani kabisa nyuma ya magego. Baada ya dakika chache mdomo wa chini ukawa mzito kama si wangu, nikafurahi. Kaja na koleo, kabana jino kidogo tu, nikaona nyota mchana. Kachoma ya pili. Ulimi nao ukafa. Kagusa jino, nimeruka. Ya tatu, ya nne, hali ni ile ile. Mate yananitoka bila habari, naongea kama mlevi, lakini jino lenyewe liko macho kabisa.

Daktari akaanza kubadilika. "Wewe unaogopa tu, huo ni msukumo, si maumivu." Wakuu, mimi najua kusukumwa na najua kuumizwa. Mwisho akaacha, akaniandikia amoksilini na Flagyl, akasema nirudi baada ya siku tano. Nauli nimelipa, foleni nimekaa, na jino nimerudi nalo.

Mjomba kwenye basi akatoa hukumu yake: "Uraka huo, hiyo pombe ya mabibo. Mnywaji ganzi haimkamati." Hakuishia hapo. Akanikumbusha kwamba bibi yetu alichongwa meno ya mbele kwa patasi, bila sindano yoyote, na jioni yake akaenda kuchota maji.

Sasa nauliza: kuna watu ambao damu yao inakataa ganzi? Au dawa ilikwisha muda? Kesho kutwa ndo siku ya tano na sina hamu kabisa.

Kangomba Mstaafu

Pole sana mkuu, ila hapo kwenye bibi nimecheka mpaka mke ameuliza nasoma nini. Hao bibi zetu walikuwa na roho nyingine.

Mimi nafikiri mwili umeizoea dawa. Klorokwini si ilikuwa hivi hivi? Ilitibu malaria miaka nenda rudi, mwisho ikawa kama unameza chokaa.

Bi Shangani

Pole mwanangu. Usiweke tena ugoro humo, wala usisikilize wanaosema saga aspirini uweke kwenye ufizi. Mimi niliweka nikiwa msichana, ufizi uliungua ukawa mweupe, nikawa na maumivu mawili badala ya moja. Aspirini ni ya kumeza.

Jahazi la Mikindani

Bora wewe mdomo tu. Mimi nilichomwa kwa ajili ya gego la chini kulia, nikatoka nje kununua maji, naona watu wananiangalia. Kujitazama kwenye kioo cha bodaboda: upande mmoja wa uso umeanguka, jicho halifungi, nikitabasamu inacheka nusu. Mama mkwe alikuwa anakuja siku ile. Alipoingia tu akasema huyu kapigwa kombora la wachawi, akaanza kutafuta nambari ya mganga wake wa Lindi. Kabla simu haijapokelewa jicho likaanza kukonyeza lenyewe. Baada ya saa tatu hivi yote yakapita, nikarudi kuwa mtu. Mpaka leo sijui ilikuwa nini na mama mkwe bado anaamini ni ile simu iliyowatisha.

Koleo la Taratibu

Nimeona uzi huu usiku nikashindwa kulala bila kujibu. Mimi ni tabibu wa meno, niko mkoa wa Lindi, wilaya sisemi.

Mpuliza Salfa, kabla ya yote: huo uvimbe wa shavu. Ukiona unashuka chini ya taya kwenda shingoni, au mdomo unashindwa kufunguka, au kumeza mate kunakuwa kazi, au una homa kali, usisubiri siku ya tano wala asubuhi. Nenda usiku huo huo, hospitali yenye wodi. Usaha wa jino ukiteremka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Sitanii.

Sasa ganzi. Huna damu inayokataa, na mwenzangu aliyekuambia unaogopa tu amekosea. Nasema mwenzangu kwa sababu hata mimi nimewahi kumwambia mtu hivyo, nikiwa na watu thelathini nje na umeme unakatika katika. Nilijua nimekosea pale niliposhika jino na yule mama akalia bila sauti.

Meno ya juu ni rahisi. Mfupa wake ni mwembamba na una vitundu vitundu, unachoma pembeni ya jino, dawa inapenya. Taya la chini kwa mtu mzima ni gumu, dawa haipenyi. Kwa hiyo tunaifuata neva, yaani mshipa wa fahamu, kule nyuma, kabla haijaingia ndani ya mfupa, tunaiziba njiani. Hatuioni. Tunapima kwa kidole na kwa uzoefu, na taya za watu hazifanani. Hata mkono mzuri hukosa mara kadhaa. Jahazi, lako ndilo hilo: sindano ilikwenda nyuma mno, dawa ikamwagikia neva inayoendesha misuli ya uso, inapopita kwenye tezi ya mate mbele ya sikio. Dawa ilipokwisha, uso ukarudi. Mwambie mama mkwe taratibu.

Lakini kwako, Mpuliza, neva ilipatikana, ndiyo maana mdomo na ulimi vilikufa. Tatizo ni kwamba mdomo kufa hakuthibitishi kwamba jino nalo limekufa. Ile neva ni kama kamba ya katani, nyuzi nyingi ndani yake, na zinazokwenda kwenye gego si zile zinazokwenda mdomoni. Kwa watu wengine kuna kijineva kingine kidogo kinachoingia upande wa ulimi, hicho sindano ya nyuma haikigusi.

Na sababu kubwa zaidi ni jino lenyewe. Limeshaoza mpaka kwenye kiini, na kiini kimevimba. Wewe ni mtu wa korosho, nikueleze kikorosho. Gunia likifika ghalani lina unyevu, linarudishwa. Si kwamba korosho hakuna, zipo, ila hazipiti mlangoni. Dawa ya ganzi nayo lazima iwe katika hali fulani ndipo ipenye utando wa neva. Penye uvimbe na usaha pana asidi, na asidi inaibadilisha dawa, sehemu kubwa inabaki nje ya mlango. Juu ya hapo, neva iliyosumbuliwa wiki kadhaa inakuwa kali, inapiga kelele hata isipoguswa. Dawa inayotosha kumlaza mtu aliyetulia haitoshi kumlaza aliyekesha anapigana.

Kuhusu uraka: usije umelewa, tutashindwa kukuhudumia. Lakini kwa jino kama lako sihitaji kumtafuta mchawi kwenye uraka, uvimbe peke yake unatosha.

Kangomba, klorokwini ilishindwa kwa sababu vimelea vya malaria vilibadilika, ndiyo serikali ikaiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Ganzi haipigani na mdudu, inazima neva tu, hakuna wa kuizoea. Lignokeini, dawa ya ganzi tunayotumia, ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, na mwenzake Bengt Lundqvist alijichoma mwenyewe kuijaribu. Kabla yake, mwaka 1884, daktari wa macho Carl Koller alikuwa anatumia kokeini. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoisikia kwenye habari za polisi.

Mpuliza Salfa

Daktari asante, Mungu akuzidishie. Hapo kwenye gunia lenye unyevu nimeelewa kuliko nilivyoelewa chochote shuleni. Nimemsomea mjomba, kanyamaza, ila uraka hajaufuta kwenye mashtaka.

Sasa nikirudi si itakuwa vile vile? Na hizo sindano nne hazijanidhuru? Moyo ulikuwa unaenda mbio mpaka nikadhani ndo basi.

Koleo la Taratibu

Moyo kwenda mbio mara nyingi ni adrenalini. Inachanganywa kidogo sana humo ili mishipa ya damu ijibane, dawa isikimbizwe haraka na damu isitoke nyingi. Dakika chache inatulia. Watu wengi wanaondoka wakisema wana mzio wa ganzi kumbe ilikuwa hiyo. Mzio wa kweli wa lignokeini upo ila ni nadra sana. Ukiwa na presha au ugonjwa wa moyo mwambie daktari kabla hujachomwa, si baada.

Nne kwa mtu mzima mwenye mwili wa kawaida si nyingi mno. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 kina miligramu 36 za lignokeini, na kuna kiwango cha juu tunachohesabu kwa uzito wa mgonjwa. Ndiyo maana alisimama. Hapo simlaumu hata kidogo.

Ukirudi, kula kwanza. Kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo, meza bruufeni saa moja kabla, inapunguza uvimbe na kuna ushahidi kwamba inaisaidia ganzi. Ila usichanganye na diklofenaki, hizo ni ndugu wa baba mmoja, zikikutana tumbo ndilo linalolipa. Dawa ulizopewa maliza, lakini usidhani zinaziba tundu.

Kisha mwambie daktari mapema, kabla hajashika sindano: "Mara iliyopita mdomo ulikufa, jino halikufa." Sentensi hiyo moja inambadilishia mpango mzima. Atachoma ya nyuma, atakuacha ukae. Wengi wetu tunaanza mapema mno kwa sababu ya foleni, wakati jino linaweza kuhitaji robo saa nzima. Akipima bado unasikia, ataongeza ufizini upande wa shavu, au kwa sindano nyembamba katika ule ufa kati ya jino na mfupa, anasukuma kwa nguvu kidogo kidogo. Hiyo inabana, lakini inafanya kazi karibu papo hapo. Mwisho kabisa anaweza kuchoma ndani ya kiini chenyewe. Sikudanganyi, hiyo inauma, ila ni sekunde moja halafu kimya.

Mkubaliane ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, anaacha. Mtu akijua anaweza kumsimamisha daktari, hata hofu inapungua nusu.

Mnyonge wa Nachingwea

Tabibu unaongea vizuri, ila mbona huku kwetu ukienda na jino lolote jibu ni kung'oa? Mimi nina miaka 34, nimeshang'olewa manne. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa hili linazibika. Dar wenzetu wanaziba, wanatibu mpaka mizizi, sisi kusini koleo tu. Au meno ya mtu wa korosho hayana thamani?

Kangomba Mstaafu

Umeongea ukweli mchungu. Na sisi wenyewe tuna kesi. Nani humu aliwahi kwenda kwa daktari wa meno wakati haumwi? Mtu anasubiri msimu, korosho ziuzwe, malipo yatoke, ndo akumbuke ana jino. Wakati huo tundu limeshakuwa kisima.

Koleo la Taratibu

Mnyonge, lawama nazipokea. Kuna vituo havina vifaa vya kuziba, kuna siku vifaa vipo na dawa ya kuzibia imekwisha, na kung'oa ni haraka na bei yake ni ndogo. Lakini Kangomba naye hajakosea. Katika kumi wanaokaa kwenye kiti changu, anayekuja na tundu changa ni wa kubahatisha.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu kuna njia ya kuziba iliyozaliwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alikuwa Dar es Salaam kwenye shule ya madaktari wa meno. Akajiuliza, huko vijijini kusiko na umeme wala mashine ya kutoboa watu wataendelea kung'olewa mpaka lini? Wakaanza kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, halafu wanaziba kwa saruji ya meno iitwayo glass ionomer, ile inayoshikamana na jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Hakuna mashine, na mara nyingi hakuna hata ganzi, kwa sababu ile sehemu iliyooza haina hisia na hukwangui mpaka kwenye uhai. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na leo inafundishwa nchi nyingi. Mwaka 2021 hiyo saruji, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi, viliingizwa kwenye orodha yao ya dawa muhimu.

Kwa hiyo ukifika, uliza kwa mdomo wako: "Hili linazibika?" Linalouma ukinywa kitu cha baridi au kitamu halafu linatulia sekunde hiyo hiyo, mara nyingi linazibika bila shida. Linalouma lenyewe usiku bila kuguswa, hapo tunazungumzia kutibu mzizi au koleo.

Bi Shangani

Mimi naongeza la watoto. Mjukuu wangu wa miaka sita alichomwa ganzi, tukarudi nyumbani anacheka. Sikuambiwa nimwangalie. Akawa anatafuna mdomo wake wa chini kama ubani, hausikii. Jioni ulikuwa umevimba kama embe bolibo. Mama yake alilia kuliko mtoto. Kwa hiyo ganzi ikiwapo, hakuna kula, hakuna kutafuna, na mtoto asiachwe peke yake mpaka aseme mdomo umerudi.

Na chai zetu tuziangalie jamani. Kikombe kimoja vijiko vinne, na mtu anakunywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri huku akipasha moto.

Koleo la Taratibu

Bi Shangani shikamoo, umegusa penyewe. Si sukari nyingi tu, ni mara ngapi. Bakteria wa mdomoni wanaigeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kurudisha hali. Anayekunywa chai ya sukari kwa mkupuo mmoja na chakula ana nafuu kuliko anayeonja onja mpaka adhuhuri, kwa sababu huyo wa pili jino lake halipati nafasi ya kupumua. Usiku mswaki wenye dawa ya floraidi, tema povu, usisukutue na maji mengi. Hakuna mdudu mwenye kichwa na miguu humo ndani. Wanaowafukizia moshi na kuwaonyesha vifunza kwenye beseni wamekuja navyo.

Jahazi la Mikindani

Hapo kwenye vifunza umemmaliza mama mkwe wangu kabisa. Sitamsomea.

Mpuliza Salfa

Mrejesho wakuu.

Nimekwenda leo. Uvimbe ulikuwa umepungua. Nimekula ugali asubuhi, nikameza bruufeni, nikasema ile sentensi kama nilivyofundishwa. Daktari ni yule yule. Kanitazama, kaniuliza nani kaniambia, nikasema tabibu mwenzako mtandaoni. Kacheka kidogo. Kanichoma, kisha akaniambia, "Katoke nje ukakae kwenye benchi, nimwone mtu mwingine." Dakika kumi na tano hivi. Niliporudi kagonga jino kwa kichuma, bado nasikia kwa mbali. Kaongeza moja ufizini, kisha nyingine pembeni ya jino yenyewe, ile ya kubana. Imebana kweli, vidole vya miguu vilikunjika. Kagonga tena. Nikasubiri maumivu, hayakuja. Kagonga kwa nguvu. Kimya.

Nilimuuliza kama linazibika. Akanionyesha kwenye kioo kidogo: ukuta mmoja umeshabomoka mpaka chini ya ufizi. Nikamwambia basi, toa. Nilisikia kusukumwa, nikasikia mlio kama mti mkavu unavunjika, lakini kuumia hapana. Nimepewa pamba nibane, nimeambiwa nisisukutue mpaka kesho. Na la kulia limeonekana na kidoti, nimepangiwa Jumatatu ya pili kuja kuziba.

Mjomba alikuwa kimya njia nzima. Tulipopita Nanyamba akanigusa bega, akageukia dirishani ili jirani yake asione, akafungua mdomo. Gego la chini, tundu jeusi, inaingia punje ya mchele.

Akaninong'oneza, "Ile sindano ya pembeni, inauma sana?"